Pamba Yetu, Mizani ya Nani?

Maneno haya yalisemwa na mzee mmoja, mkulima wa pamba na mwanachama wa siku nyingi, mbele ya mkutano wa tawi huku Usukuma. Tumeyachapa kama alivyoyasema, ila salamu tumezipunguza.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wenzangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama nje kwa kukosa viti:

Nimeombwa niseme machache juu ya biashara ya nchi. Mimi si mtu wa chuo. Nimelima pamba tangu jembe lilipokuwa refu kuliko mimi, na kwa miaka kumi na mitano nilikuwa karani wa ushirika. Basi nitasema juu ya kitu ninachokijua, nacho ni mizani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini baba alinisimulia mara nyingi. Mkulima wa Jimbo la Ziwa alibeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani. Baba alisema kwamba bega lake lilimwambia gunia lina uzito fulani, na mizani ikamwambia uzito mwingine, na siku zote mizani ndiyo iliyoaminiwa. Ukibisha, ulirudi na gunia lako nyumbani, nalo lingeliwa na panya.

Wazee wale walifanya nini? Hawakwenda kumwomba mnunuzi awe mtu mwema. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wenye mizani yao, wakasimama kando ya mnunuzi. Gunia likapimwa mara mbili. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa ushirika wetu, na hatimaye mwaka 1955 kikaundwa kile chama kikuu cha Victoria Federation, ambacho Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake. Na TANU ilipofungiwa Usukuma kuanzia 1954 hata 1958, watu walijua kwamba walio na mizani yao wenyewe hawanyamazishwi kwa amri ya Bwana DC.

Nimeanza na habari hiyo ya zamani kwa sababu nataka kuwauliza swali la leo. Katika biashara ya mataifa, mizani iko mkononi mwa nani?

Tazameni nguo mlizovaa. Wengi wenu mmevaa mitumba, na mimi koti hili ni la mtumba, silioni haya. Lakini hapa tulipo tumezungukwa na mashamba ya pamba. Kilo moja ya pamba mbegu hutoa kama theluthi moja ya kilo ya pamba nyuzi, nayo yatosha kufuma kitambaa cha shati moja. Kwa hiyo mkulima wa hapa anayeuza kilo elfu moja ameuza mashati elfu moja. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi hii hupakiwa melini ikiwa haijasokotwa uzi hata mmoja. Kisha mkulima yule yule huenda soko la Mlango Mmoja pale Mwanza akanunua shati lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine ng'ambo. Bei mliyolipwa kwa kilo ile mnaijua, na bei mliyolipa kwa shati lile mnaijua. Fanyeni hesabu wenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ninayosema ni mambo yaliyotukia, na miaka yake nitaitaja.

Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha. Wakaazimia kwamba nguo na viatu vya mitumba vipunguzwe hatua kwa hatua, na katika muda wa miaka mitatu viwe vimekwisha, ili viwanda vyetu vipate kupumua. Mwaka ule ule ushuru wa mitumba ukapandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi senti 40. Rwanda ikaenda mbali zaidi, ikatoza dola 2 na senti 50 kwa kilo.

Mwezi wa Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikapeleka mashtaka kwa Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa nchi yao. Kikasema kwamba kazi 40,000 za Wamarekani zitakuwa hatarini ikiwa sisi hatutanunua nguo walizokwisha kuzivua. Wakashika sheria yao iitwayo AGOA, iliyotiwa sahihi na Rais Clinton mwaka 2000, ambayo inaruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani pasipo ushuru kwa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba nchi yenye kupewa ruhusa hiyo iwe inaondoa vizuizi dhidi ya biashara ya Marekani. Mwezi wa Juni 2017 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba inazichunguza Tanzania, Uganda na Rwanda. Kenya, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiuza nguo nyingi huko kuliko sisi sote, ilikuwa imekwisha rudi nyuma.

Mwezi wa Februari 2018 wakuu wetu wakakutana tena, safari hii Kampala, na lile neno la kupiga marufuku likaachwa. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake, na tarehe 30 Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa AGOA. Rwanda ilikuwa imepima: nguo ilizokuwa ikiuza Marekani zilikuwa chache, na ikaona hasara ile inavumilika. Haikuwa bila gharama kwao. Watu maskini walinunua nguo kwa bei ya juu, na mitumba ikapenyezwa usiku kutoka nchi jirani. Lakini walijua wanacholipa na kwa nini wanakilipa.

Nataka niseme waziwazi juu ya watu watatu katika habari hii, na wa tatu ndiye aliyenileta hapa leo.

Wa kwanza ni dola kubwa yenye kuhubiri soko huria. Mhubiri tunampima kwa nyumba yake. Mwaka 2002 Brazili iliishtaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara la Dunia kwa sababu serikali ya Marekani ilikuwa ikiwalipa ruzuku wakulima wake wa pamba, na ruzuku ile ikiteremsha bei ya pamba duniani. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zikapeleka kilio hicho hicho, maana mkulima wao hana serikali ya kumlipa bei inaposhuka. Brazili ikashinda kesi, na rufaa ikaamuliwa mwaka 2005. Marekani ilifanya nini? Kuanzia 2010 ilikubali kuwalipa wakulima wa Brazili dola milioni 147 kwa mwaka, na mwaka 2014 ikamaliza shauri kwa kutoa dola milioni 300 nyingine. Yaani ilimlipa mshtaki ili iendelee na utaratibu wake, na nchi nne zile za Afrika, ambazo hazikuwa na nguvu ya kulipiza, hazikupata malipo hayo.

Basi mtu huyu analipa fedha ili pamba yake iwe rahisi sokoni, na wewe ukitoza ushuru suruali kuukuu anasema umevunja kanuni ya soko huria! Kisha mwezi wa Aprili 2025 Rais Trump akatangaza ushuru juu ya bidhaa za karibu mataifa yote. Sisi tukawekewa asilimia 10. Lesotho, nchi ndogo ya milimani iliyojenga viwanda vya kushona nguo kwa ajili ya soko lile lile la AGOA, ikatangaziwa asilimia 50, ingawa baadaye kiwango hicho kilipunguzwa. Na muda wa AGOA wenyewe ukaisha tarehe 30 Septemba 2025 kabla Bunge lao halijaurefusha.

Mimi simchukii Mmarekani kwa kulinda watu wake. Baba wa nyumba hulinda nyumba yake. Ndiyo kazi yake. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kulinda ni busara kwake na dhambi kwangu.

Wa pili ni kampuni. Nguo hizi huanza safari yake kama sadaka. Mama mmoja katika mji wa ng'ambo hukunja gauni lake, akalitia katika sanduku lililoandikwa maneno ya huruma, akarudi nyumbani na moyo mweupe. Pana maduka makubwa ya nguo huko ambayo nayo huweka masanduku ya namna hiyo mlangoni, yakijisifu kwamba yanaitunza dunia, na ndani ya duka yanauza nguo hafifu kwa bei ya kutupa ili mteja arudi tena mwezi ujao. Kutoka katika sanduku lile nguo huchambuliwa. Zilizo nzuri hubaki kwao. Zilizobaki hufungwa katika mabelo, hupimwa kwa kilo, huuzwa. Belo likifika bandarini petu si sadaka tena. Ni bidhaa, na mchuuzi wetu hulinunua likiwa limefungwa, hajui kilichomo mpaka alifungue. Nguo mbovu ni hasara yake, na takataka ni zetu.

Biashara si haramu. Lakini mfanyabiashara na aseme kwamba ni mfanyabiashara. Akiwa mbele ya wanaotoa nguo huitwa mfadhili, akiwa mbele ya serikali yake hulalamika kwamba faida yake imeguswa. Mtu mmoja hawezi kupokea shukrani za sadaka na faida ya duka kwa gunia lile lile.

Wa tatu ni sisi wenyewe, na hapa naomba mniwie radhi, maana katika mkutano wa chama si kawaida mtu kuinyoshea serikali kidole. Lakini chama ambacho kinaogopa kuuliza serikali si chama, ni kwaya.

Azimio la Arusha la 2016 lilikuwa jema. Nauliza: lilitayarishwa vipi? Miaka mitatu ilitolewa. Katika miaka hiyo mitatu, viwanda vingapi vilitakiwa viwe vinafuma, na kwa umeme gani? Nani aliwekwa kuwa na jukumu, ili siku ya mwisho tumwite tumwulize? Hamkujua kwamba AGOA ina masharti, nayo sheria yake ilikuwa imekwisha kukaa miaka kumi na sita? Kama mlijua, mbona hamkutuambia mapema gharama yake? Na kama hamkujua, mlikwenda sokoni bila kuuliza bei.

Kisha lilipoachwa mwaka 2018, nani alikuja hapa kutueleza? Sisi wakulima tulisikia redioni siku neno lilipotolewa, tukapiga makofi. Siku lilipomezwa, kijijini hapa hatukuambiwa neno. Mwaka 2023 Rais Museveni alisimama Mbale akatangaza kwamba Uganda itakataza mitumba. Maneno haya yatarudi tena na tena katika nchi zetu zote, kwa sababu ni matamu kusema na ni magumu kutenda. Hata zile nguo za ndani za mitumba, ambazo Shirika la Viwango lilikwisha zipiga marufuku zamani kwa ajili ya afya yetu, nendeni sokoni mkaone kama zimekwisha.

Wala tusijidanganye kwamba mitumba peke yake ndiyo iliyoua viwanda. Baada ya uhuru tulijenga. Mwatex ulisimama hapa Mwanza miaka ya 1960. Urafiki ulifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Uchina. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla milango ya biashara haijafunguliwa, viwanda vile vilikuwa vimekwisha anza kukohoa: vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna, umeme unakatika, na mahali pengine meneja hakuwa na hofu ya kuulizwa kwa sababu hasara ililipwa na Hazina. Mitumba ilipoingia ilimkuta mgonjwa kitandani. Kwa hiyo mtu akija leo akisema tufunge mlango tu na viwanda vitaota kama uyoga, mwulizeni habari za vipuri, umeme na meneja. Na mwulizeni tena: mlango wa mitumba ukifungwa, nguo mpya hafifu za kutoka Asia zitaingia kwa mlango gani?

Sasa nisemе habari ya nyumbani kwangu. Binti yangu anauza mitumba. Ni nguo za watoto. Kwa biashara hiyo amesomesha wajukuu zangu watatu, na mwaka ule mvua ilipokosekana, chakula cha nyumba hii kilitoka katika belo lake, hakikutoka katika pamba yangu. Aliposikia kwamba nitazungumza hapa aliniambia, "Baba, utakwenda kuwaambia wanifunge duka?" Nilikaa kimya kitambo. Nikamjibu, "Mama, nitakwenda kuwaambia wasikudanganye."

Maana ninyi mnaofanya kazi hiyo ndio mtakaolipa kwanza, ikiwa jambo litafanywa kwa haraka ya kutafuta makofi. Mwenye kuvaa mtumba si adui wa taifa, wala mwenye kuuza. Serikali yenye adabu humwambia mwuzaji: mwaka fulani ushuru utapanda kiasi hiki, mwaka wa pili kiasi hiki, na kufikia hapo kitambaa cha kiwanda fulani kitakuwa sokoni kwa bei hii, nawe utakuwa wa kwanza kukopeshwa ukiuze. Lakini serikali ikitangaza kwa ngurumo na kuacha kwa mnong'ono, imemnyang'anya mkulima tumaini na mchuuzi usingizi, na haikumpa hata mmoja wao chochote.

Basi napendekeza tawi hili lipeleke juu mambo manne, yaandikwe.

La kwanza: kila mkataba wa biashara na nchi ya nje, Bunge lipewe masharti yake kwa Kiswahili kabla sahihi haijatiwa, na kila mwaka lipewe hesabu ya kile tulichopata na kile tulichotoa.

La pili: kila azimio la kulinda viwanda liwe na jina la mtu mwenye jukumu, tarehe, na kipimo. Siku likiachwa, mtu huyo aje aseme limeachwa na kwa nini.

La tatu: serikali ianze na mfuko wake. Askari huvaa, hospitali hutandika mashuka, shule zina sare. Kitambaa hicho kinunuliwe kwanza katika viwanda vinavyofuma pamba ya nchi hii, kwa zabuni ya wazi, na kiwanda chenye kutoa kitambaa kibovu kirudishiwe. Hapo hakuna wa kutushtaki kwa suruali yake kuukuu.

La nne: fedha ya umma isitiwe katika kiwanda chochote, cha umma au cha mtu binafsi, mpaka hesabu zake zimekaguliwa na kutangazwa. Tulikwisha lisha mashirika bila kuyauliza. Tunajua mwisho wake.

Ndipo nije kwetu sisi wakulima, na hili ni chungu. Nilipokuwa karani wa ushirika nilifungua magunia. Nimekuta mchanga. Nimekuta pamba iliyonyunyiziwa maji usiku ili iwe nzito asubuhi. Waliofanya hivyo walikuwa majirani zangu, na wengine wamo humu. Pamba chafu hushusha bei ya wilaya nzima, na mfumaji akiharibikiwa mashine kwa mchanga wetu, kesho atanunua kwingine. Baba zetu walipigania mizani ya haki. Je, wangesema nini wakituona tumeipata mizani hiyo kisha tunaidanganya wenyewe?

Ninyi vijana mtaniambia kwamba dunia ni kubwa na sisi ni wadogo, kwamba mwenye soko ndiye mwenye neno. Hata mwaka 1950 mnunuzi alikuwa mkubwa na mkulima alikuwa mdogo. Mpimaji yule wa wazee alikuwa na daftari na jiwe la mizani, basi. Kilichompa nguvu ni kwamba alipoandika ratili mia, zilikuwa ratili mia, na wakulima wote nyuma yake walilijua hilo. Wao walisimama wima kwa sababu hesabu yao ilikuwa safi.

Nasi tukitaka kusimama mbele ya wakubwa wa dunia na kuwaambia kwamba mizani yao inapunja, hapana budi mizani yetu iwe barabara kwanza: ya mkulima gunia lake, ya kampuni hesabu yake, ya serikali neno lake. Taifa ambalo serikali yake inaweza kusema neno Arusha na kulimeza Kampala bila kuulizwa na watu wake, hilo halitaogopwa Washington.

Ndugu Mwenyekiti, mambo yale manne nimeyaandika katika karatasi hii. Naomba yasomwe tena polepole, yapigiwe kura, na mwezi ujao katibu atuambie yamefika wapi. Kama hayakufika, atuambie yamekwama mezani kwa nani.

Uhuru na kazi!